Mwambieni dokta wenu, upasuaji wa kidole gumba sio mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na ikiwa ndefu mtanisamehe. Naandikiwa na binti yangu kwenye simu maana mkono wangu wa kulia mpaka leo ukiandika mistari mitatu unachoka, kwahiyo mimi nasema yeye anachapa, na nikisema neno ambalo yeye anaona halifai kwenda gazetini ananikata jicho. Nimemwambia andika hivyo hivyo.

Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wenu wa afya kuna mama wa Morogoro aliuliza swali, kidole gumba kinamuuma kwenye shina mwaka wa nne sasa, kapigwa eksirei kaambiwa mifupa imesagika na wamemshauri apasuliwe, je akubali au akatae. Dokta wenu akamjibu kwa mistari sita, nimeihesabu. Akasema huo ni upasuaji mdogo tu, unaingia asubuhi jioni uko kwako, asiogope. Basi. Hapo ndo nilipoliweka gazeti chini nikamwita binti nikamwambia lete simu, maana hilo neno "mdogo" mi nalijua, na mimi niliambiwa hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona tangu 1991, kazi yangu kubwa ni sare za shule, kaki, sketi za bluu, mashati meupe, watoto niliowashonea darasa la kwanza sasa wananiletea watoto wao niwapime. Miaka yote hiyo mkono wa kulia umeshika mkasi wa chuma wa inchi tisa, ule mzito, na kaki nakata safu sita kwa mara moja ili niwahi. Sasa kidole kikaanza taratibu. Kwanza nikikata tu, baadae hata nikifungua kifuniko cha chupa, nikigeuza ufunguo, nikishika nazi kwenye mbuzi, nikikamua nguo ndo usiseme, nilikuwa namwita mjukuu anashika upande mmoja tunasokota wawili kama kamba ya jahazi. Usiku kinapwita. Watu wakasema ni baridi, ni uzee, paka mafuta ya karafuu, nikapaka mpaka nyumba nzima inanukia Pemba.

Kumbe pale kwenye shina la kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono, kuna kiungo kimekaa kama tandiko la punda, mfupa mmoja umeukalia mwingine, ndo maana kidole gumba kinazunguka kila upande wakati hivi vingine vinakunja na kukunjua tu. Lile gegedu la katikati, ule utelezi mgumu unaotenganisha mifupa, likiisha mfupa unasaga mfupa. Na binti yangu kanisomea kitu kilichonishangaza, kwamba Marekani mwaka 1977 walikokotoa wakaona ukibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo moja, kule kwenye shina mzigo unafika kama kilo kumi na mbili. Kumi na mbili! Sasa niambie mwenyewe, safu sita za kaki kwa miaka zaidi ya thelathini. Na wanasema kinawapata zaidi wanawake, hasa tukishakoma hedhi, ambao ndo hao hao tunaofua, tunaokuna, tunaosuka, tunaoshona.

Nikaenda hospitali, jina silitaji, sikuja hapa kugombana na mtu. Dokta bingwa alikuwa mtu mpole tu, alinichorea na peni kwenye kiganja, akasema tunatoa hiki kifupa kinachosaga, kinaitwa trapeziamu, tunashona, wiki sita umerudi kwenye cherehani yako. Dakika nne au tano, nje kuna foleni ya watu wanasubiri, simlaumu. Mimi hapo nishaanza kuhesabu, ilikuwa Septemba mwaka jana, wiki sita inaangukia mwishoni mwa Oktoba, na msimu wa sare unaanza Novemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, nikaona imekaa vizuri kabisa kama Mungu mwenyewe kanipangia.

Hakuna aliyeniuliza kama nimeshawahi kuvaa banzi la kidole, kile kifaa kinachokishika kidole kitulie. Hakuna aliyesema kuna sindano ya kwenye kiungo inaweza kutuliza kwa muda. Nimekuja kujua baadae kwamba hivyo ndo huwa vinaanza, kisu ni mwisho.

Na ridhaa jamani. Fomu nimeletewa nishavaa gauni la thieta, drip ipo mkono wa kushoto, kurasa mbili za Kiingereza kitupu, nesi ananionyesha kwa kidole saini hapa, na hapa. Mi Kiingereza changu ni cha vipimo, inchi na yadi. Nikasaini. Ule ule mkono unaoenda kupasuliwa ndo uliosaini, na saini yangu nzuri ya mwisho ndo ile, ipo kwenye faili lao huko, tangu siku ile hata benki wananiambia mama saini haifanani.

Upasuaji wenyewe haukuuma, nisiwe muongo. Walinichoma ganzi ya kwapani mkono mzima ukalala, nilikuwa macho nawasikia wanabishana Simba na Yanga. Nikarudi nyumbani nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka karibu na kiwiko. Baada ya wiki mbili nikaenda kutolewa nyuzi, ndo nikaona nina kovu la pili huku juu kwenye kigasha, mbali na kidole! Nikamuuliza nesi huku nako walikuwa wanatafuta nini, akasema wametoa kano, wameikunja wakaiweka kwenye nafasi ya kile kifupa. Kwahiyo waliniazima kano yangu mwenyewe bila kuniambia. Kwa akili ya kifundi nimeelewa mara moja, ni kama unavyoweka pedi kwenye bega la koti lisinyong'onyee, kitu cha maana tu, lakini mteja wangu nikimwekea pedi namwambia.

Siku hiyo hiyo wakafunga hogo la pili, na hilo la pili lilikuwa linabana. Usiku wa pili tu mkono ukaanza kuwaka. Sio kuuma, kuwaka, kama mtu kamwagia mafuta ya taa kwenye mshipa akapiga kiberiti. Nikarudi kesho yake kuomba walilegeze, kijana wa zamu akagonga gonga akasema mama lipo sawa, nyanyua mkono juu, vumilia. Nikavumilia wiki nne. Sijui kama ni hilo hogo lililoleta yote, nimeuliza na hakuna anayeweza kuapa, ila naliweka hapa kwa sababu mgonjwa akisema linabana sidhani ni gharama kubwa kulifungua mkaangalia.

Wiki ya sita wakalikata na ile mashine ya kelele. Mkono uliotoka humo haukuwa wangu mhariri. Umevimba, unang'aa kama umepakwa glisirini, vidole rangi ya zambarau, asubuhi wa moto jioni wa baridi kama samaki katoka kwenye friji, unatoka jasho peke yake wakati mwingine mkavu, kucha zinaota haraka haraka za huku tu. Na ule ugonjwa wa kuwaka sasa ukawa hautaki hata kuguswa. Kanga ikipita juu yake napiga kelele. Upepo wa feni. Mjukuu alikuja kuniamkia shikamoo bibi akataka kunishika mkono kama kawaida yake, nikamsukuma mtoto wa watu akaanguka, mpaka leo akinisalimia anasimama kwa mbali kidogo.

Kitu pekee kilichokuwa kinanipa nafuu ni kitambaa kibichi. Nalala nimeuzungushia kitambaa cha maji, ndoo pembeni ya kitanda. Watu wa nyumbani wakaanza kuangaliana.

Nimerudi kliniki mara tatu. Ya kwanza nikaambiwa kuvimba ni kawaida, usiudekeze mkono. Ya pili eksirei, wakasema mfupa safi, kazi imekaa vizuri sana, hata daktari mmoja akamwita mwenzake aje aione, mi nimekaa pale nalia na wao wanasifia picha. Ya tatu vidonge vya maumivu, diklofenaki zile zile zilizokuwa zimeshanichoma tumbo, na mmoja akanishauri niutundike, basi nikautundika na kanga shingoni miezi miwili siusogezi, bega nalo likaganda, siwezi kufika kichwani, mzee wangu ndo alikuwa ananifunga kilemba. Anakifunga vibaya lakini anafunga.

Na ganzi pia, huku mgongoni mwa kidole gumba pana sehemu kama ya sarafu ya mia mbili ambayo haisikii kitu, unaweza kuchoma pini. Nilipouliza nikaambiwa aah hiyo nayo hutokea, kuna mshipa wa fahamu mwembamba unapita hapo hapo wanapopasua, ukivutwa kidogo tu ndo hivyo. Sasa kama hutokea, na mnajua hutokea, mbona nimeijua mimi kwa kujichoma pini?

Mtaani nako kila mtu na lake. Huyu anasema mkono wa mtu huo, kuna fundi mwenzio kakuona unapata sana oda za sare. Shoga yangu mmoja akaniambia kuna mzee Pangani anaondoa vitu kama hivyo kwa siku tatu. Sikwenda, lakini sitasema uongo, nauli niliulizia.

Novemba ikapita, Desemba ikapita. Shule moja ya binafsi ambayo huwa inanipa sare mia na arobaini ikasubiri mpaka tarehe kumi Desemba, wakampa fundi mwingine, nami ningekuwa wao ningempa. Hela ya msimu ndo inayolipa pango la chumba cha cherehani mwaka mzima. Hayo sitaki kuyaongea sana.

Aliyenisaidia hakuwa hospitalini hata. Ilikuwa Januari, tumeenda Muheza kwenye arobaini ya shangazi yake mzee wangu, mimi nimekaa jamvini na wanawake wenzangu nimeuficha mkono chini ya kanga, kuna kijana pale, mtoto wa jirani yao, anasoma fiziotherapi, tiba ya mazoezi, huko Moshi, kaja likizo. Akaleta sahani ya pilau akaona napokea kwa kushoto. Akachuchumaa akaniambia, "Mama samahani, naomba niuone huo mkono, sikugusi." Hilo neno sikugusi mhariri, nilitaka kulia. Akaniuliza maswali manne tu. Maumivu yamezidi ya upasuaji wenyewe? Rangi inabadilika, joto linapanda na kushuka? Unavimba au kutoka jasho? Umekakamaa? Nikasema ndio ndio ndio na ndio. Akasema mama hujarogwa na wala hudeki, hii kitu inajulikana, inaitwa CRPS, mishipa ya fahamu inaendelea kupiga king'ora wakati moto ulishazimwa, na inaweza kumpata mtu hata kama daktari hakukosea kitu, lakini inatakiwa ikamatwe mapema, na dawa yake ya kwanza ni kuusogeza mkono. Mi nilikuwa nimeutundika.

Nilimwambia kuhusu kitambaa kibichi nikiona aibu. Akacheka akasema mbona hilo la zamani sana, kuna daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell kwenye vita vyao wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, aliandika habari za wanajeshi waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu, mikono inawaka, wanatembea na kitambaa cha maji hawakiachi. Nimewafikiria wale wanajeshi usiku ule. Zaidi ya miaka mia na hamsini watu wamelowesha vitambaa, na mimi Ngamiani naambiwa nisiudekeze.

Baadae akanielekeza kwa daktari anayejua mambo hayo, naye akathibitisha, akaniandikia amitriptilini kidonge kidogo cha usiku. Muuza duka la dawa akaniangalia kwa huruma akaniuliza kwa sauti ya chini, mama una mawazo sana? Nikamwambia nina mkono. Kumbe dawa ile kwa kiasi kidogo wanaitumia kutuliza mishipa ya fahamu hata kama mtu hana sonona.

Sasa nieleze tiba maana naona kuna mtu anasoma hii mkono wake unawaka sasa hivi. Kazi kubwa ni kuufundisha mkono upya kwamba kuguswa sio hatari. Unaanza na kitu laini kabisa, unasugua dakika chache mara kadhaa kwa siku, ukizoea unapanda kwenye kigumu zaidi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anatafuta pamba sijui brashi, nikamwambia kijana hapa umefika kwenyewe, nina gunia zima la mabaki. Nikaanza na satini ya gauni la bibi harusi, wiki mbili nzima satini tu, nasugua huku nimeng'ata meno, halafu nikapanda kwenye kanga, kitenge, shati jeupe la shule, taulo, na siku nilipofika kwenye kaki nikapiga kigelegele peke yangu chumbani. Jinzi ilikuja mwezi wa tano.

Na kioo. Unaweka kioo katikati ya mikono miwili, mkono mbaya nyuma ya kioo, unaangalia taswira ya ule mzima ukifungua na kufunga, na ubongo unadanganyika kwamba ni ule mgonjwa unasogea bila kuuma. Nilitumia kile kioo cha wateja cha kujaribia nguo, nimekilaza kwenye meza ya kukatia. Wateja wanachungulia dirishani wanaona fundi anajiangalia mkono nusu saa, wakaongeza na hiyo kwenye habari za kurogwa.

Ramadhani nikashika kijiko. Idi kubwa nikajifunga kilemba mwenyewe, mzee wangu akasema hakijakaa vizuri.

Leo ni mwezi wa kumi na nne tangu nipasuliwe. Na hapa nataka nimtendee haki yule dokta aliyenipasua, lile umivu la zamani, la kusaga, limekwisha kabisa. Nageuza ufunguo. Kifupa kilitoka na maumivu yake. Shoga yangu mwingine kafanyiwa hicho hicho Dar, miezi minne tu anakanda maandazi ya kuuza, anakiri hajutii hata kidogo, na nasikia wengi wanaofanyiwa ndo huwa kama yeye. Kwahiyo sijaja kumtisha mama wa Morogoro akimbie hospitali. Ila nguvu ya kubana sina, pini inaanguka, bobini nabadilisha kwa kushoto, na kidole kimefupika kidogo maana pale palipotolewa kifupa pamedidimia, na nikibana sana pingili ya kati inapinda kwenda nyuma kama kijiti. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, mi vyote vitano hapa vinashindwa.

Hayo yote, mhariri, yanajulikana. Sio siri, sio bahati mbaya ya fundi mmoja wa Tanga. Huu upasuaji wa kutoa hicho kifupa uliandikwa Uingereza na daktari Gervis mwaka 1949, una umri mkubwa kuliko mimi, hilo la kuongeza kano likashika kasi miaka ya 1980, na binti kanisomea kwamba tafiti zilizokuja kulinganisha hazijaonyesha kuwa kuongeza kano kunatuliza maumivu kuliko kutoa kifupa peke yake. Yaani ningeweza hata kuuliza, dokta, hiyo kano ni lazima? Labda angenijibu ndio, ana sababu zake, sawa, lakini ningeuliza. Kidonda kuoza, mshipa wa fahamu kuguswa, ganzi, kovu kuuma, kano za jirani kuvimba, mkono kuwaka, kidole kudidimia, nguvu kuchukua mpaka mwaka kurudi, vitu hivi nina hakika vipo kwenye zile kurasa mbili nilizosaini, kwa Kiingereza.

Na hapa ndo panaponiuma kuliko kidole. Tarehe 7 Julai tunasherehekea siku ya Kiswahili duniani, ngonjera, mashairi, waheshimiwa wamevaa vitenge, nilishonea watoto wa shule moja vizibao vya siku hiyo mimi mwenyewe. Mwaka 2021 hata sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakamani. Mwizi wa kuku anasomewa mashtaka anayaelewa. Mimi ninayetolewa mfupa nasaini nisichokielewa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unashindikana nini? Kiandikwe tu, hiki ndo tunatoa, hiki tunachukua pale, haya yanaweza kutokea na dalili zake ni hizi, ukiona mkono unawaka, unabadilika rangi, hauguswi, usisubiri siku ya kliniki, piga namba hii. Kama ningekuwa na karatasi hiyo ukutani, wiki ya tatu ile ile ningejua. Nimeingia Septemba, jina la ugonjwa nimelipata Januari, tena msibani.

Halafu mtu wa mazoezi apangwe kabla mgonjwa hajatoka wodini, na tarehe aandikiwe. Mimi nilipewa tarehe ya nyuzi na tarehe ya kukata hogo, tarehe ya mazoezi hakuna, kama vile mkono ni nguo, ukishashonwa umekwisha. Wataalamu hawa nchi inao, Moshi kuna chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na mabanzi tangu 1981, na wale wa kumrudisha mtu kwenye kazi yake pia wanasomeshwa huko huko Moshi. Yule kijana wa Muheza hata cheti alikuwa hajapata.

Mama wa Morogoro, mdogo wangu, najua hunijui. Kwanza ulizia banzi, valia miezi kadhaa, ulizia na sindano, na kazi ya kukamua mpe mtu mwingine ndani ya nyumba hata akinuna. Ikishindikana nenda, lakini nenda na mtu anayesoma Kiingereza, fomu iombe siku moja kabla, muulize dokta amekifanya kidole kama hicho mara ngapi, mshipa wa fahamu atauonaje, na hogo likibana saa nane usiku unampigia nani. Usipange wiki sita. Panga mwaka. Na kama una biashara yenye msimu, msimu upite kwanza.

Kwa dokta wa ukurasa wenu, nakuheshimu baba, najua nafasi uliyopewa ni mistari sita, basi hata sentensi moja ya hayo ungeiingiza pale palipokuwa na neno "mdogo". Nasubiri jibu lako, na ukiona nimekosea kitu cha kitaalamu nisahihishe hadharani, mi sio msomi.

Msimu umeanza tena hapa, zile sare mia na arobaini sijarudishiwa ila nimepata shule nyingine ndogo, hamsini na tano, binti anakata mimi nashona. Anakata polepole mno. Nimeanza kujifunza kukata kwa kushoto lakini mkasi wa kawaida ukiushika kushoto kaki haikatiki, inajikunja katikati ya makali. Kwahiyo kama kuna msomaji wenu yeyote anajua duka lolote Dar, Mombasa, popote, wanapouza mkasi wa chuma wa mashoto, inchi tisa, naomba aandike hapo gazetini. Tanga yote nimezunguka, wananiletea wa karatasi.

Fundi wa sare,
Ngamiani, Tanga.